Kaktasi Nyota: Mwongozo Kamili wa Kuijua Nyika Yake na Kuikuza kwa Mbegu

Kaktasi nyota, ambayo jina lake la kitaalamu ni Astrophytum asterias, haina mwiba hata mmoja. Ni duara bapa la kijani kilichofifia. Likikomaa hufika upana wa sentimita 15, na kimo chake hakizidi sentimita 6 hivi. Mifereji myembamba huligawa katika mbavu, kwa kawaida 8, na katikati ya kila ubavu hupita safu ya vishada vya sufi nyeupe vilivyopangwa kama vifungo vya shati. Ngozi nzima imenyunyiziwa madoa meupe. Ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia unaona kila doa ni kitita cha vinyweleo vifupi vilivyoshikana. Siku ya jua kali hufunguka utosini ua la manjano lenye moyo wa rangi ya chungwa au nyekundu, na kwa mmea mchanga ua hilo huweza kuwa pana kuliko mmea wenyewe.

Wengi wanaoipata huipoteza mapema, na mara nyingi chanzo ni kimoja: wanaitunza kama mmea wa jangwa la mchanga mtupu. Wanaianika juani kutwa nzima, na wakiona imenywea wanaimwagia maji. Kumbe kwao haikai juani kutwa nzima, na kunywea ni tabia yake ya kawaida. Ndiyo maana nataka tuanze na mahali inapoota yenyewe, maana kila hatua ya kuikuza inatoka huko.

Kwao ni wapi, na maisha yake huko yakoje

Kaktasi nyota huota katika eneo dogo sana la dunia: kusini mwa Texas nchini Marekani, hasa wilaya ya Starr karibu na mto Rio Grande, na ng'ambo ya mpaka katika majimbo ya Tamaulipas na Nuevo León nchini Meksiko. Ni nchi ya chini, isiyofika mbali juu ya usawa wa bahari, yenye miinuko midogo na vichaka vya miiba. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 500, kiasi kisichopishana sana na kile cha Dodoma. Hunyesha kwa vipindi, na vilele viwili hujitokeza, kimoja karibu na Mei na Juni na kingine Septemba. Kiangazi joto hupanda kupita nyuzi 37. Majira ya baridi huwa makavu, na usiku mmoja mmoja huweza kuleta jalidi.

Udongo wa huko si mchanga. Ni mfinyanzi au tifutifu lenye chumvichumvi, limejaa changarawe. Mvua ikinyesha udongo huo hulowa kwa muda, kisha hukauka na kuwa mgumu. Juu yake hukaa vichaka, na miongoni mwao ni Prosopis glandulosa, ndugu wa karibu wa ule mti ambao watu wa Baringo, Turkana na Tana River wanaujua vizuri mno kwa jina la mathenge. Kaktasi nyota hupenda kuota chini ya vichaka hivi au pembeni mwao. Kichaka huwa mlezi: hukata makali ya jua la mchana, hupunguza joto la udongo, huficha mche usiliwe, na majani yake yaliyooza huongeza rutuba kidogo. Nuru inayoufikia mmea ni ya vipande vipande, jua na kivuli vikipokezana kadiri siku inavyosonga.

Ukame ukikaza, kaktasi hii hupungua mwili na kuzama mpaka utosi wake uko sawa na uso wa ardhi. Vumbi huufunika, na mtu anaweza kuukanyaga bila kujua. Mvua ikirudi, hunywa na kuvimba ndani ya siku chache. Kwa hiyo ukiiona ya kwako imelegea kidogo na kubonyea katikati wakati wa kiangazi, usihangaike. Inafanya kile inachofanya kwao.

Kufichika huku kumeathiri hata historia yake. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Zuccarini, aliieleza kisayansi mwaka 1845. Baadaye ikapotea machoni pa wakusanyaji kwa miaka mingi, mpaka Alberto Vojtěch Frič, msafiri na mtafiti wa Kicheki, alipoipata tena Meksiko mwaka 1923. Tangu hapo haikupumua. Wachimbaji waliifuata kwa ajili ya biashara. Wavunaji wa peyote, kaktasi nyingine isiyo na miiba inayotumika katika ibada za wenyeji wa Amerika, wakawa wanaing'oa kwa kuifananisha na peyote. Vichaka navyo vikalimwa mpaka mizizini ili kupanda malisho ya ng'ombe, na moja ya nyasi zilizopandwa kwa wingi ni Cenchrus ciliaris, nyasi ya asili ya Afrika ambayo wafugaji wetu wanaijua. Kwetu ni malisho mazuri. Kule huziba ardhi na kuinyima kaktasi nafasi.

Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliiweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, imo katika Kiambatisho cha Kwanza, daraja la ulinzi mkali kuliko yote.

Hatua ya 1: Pata mmea au mbegu kwa njia safi

Kwa sababu ya hayo yote, nasisitiza: anza na mbegu, au na mche uliokuzwa kwa mbegu kitaluni. Hakuna udhuru wa kununua mmea uliochimbwa porini. Kaktasi nyota huota kwa urahisi kutokana na mbegu, na Wajapani na Wathai wameizalisha kwa wingi kiasi cha kupata aina za kuvutia ajabu, kama ile iitwayo Super Kabuto ambayo madoa yake meupe ni makubwa na yameshonana.

Mmea wa kitaluni hutambulika. Ngozi yake ni safi, umbo lake limelingana, na ikiwa iko mingi basi inafanana kwa ukubwa. Mmea wa porini huwa na makovu, sehemu zilizotafunwa na wadudu au panya, ngozi iliyogamba chini isivyo sawa, na mara nyingi mizizi iliyokatwa.

Kama mbegu zinatoka nje ya nchi, kumbuka kwamba Kiambatisho cha Kwanza kinagusa hata mbegu, kwa hiyo lazima ziwe na karatasi za CITES, mbali na kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mmea. Kwa Kenya waulize KEPHIS, kwa Tanzania TPHPA, ambazo ni mamlaka za afya ya mimea, kabla hujalipa chochote. Njia nyepesi kuliko hiyo ni kutafuta mkuzaji wa nchini mwako ambaye mimea yake imeanza kuzaa.

Jihadhari pia na mfanano. Euphorbia obesa, mmea wa Karoo nchini Afrika Kusini, ni wa mviringo, una mbavu 8 na hauna miiba. Ukikutana nao kwa mara ya kwanza unaweza kuapa ni kaktasi nyota. Lakini Euphorbia haina vishada vya sufi katikati ya ubavu, na ikichubuka hutoa utomvu mweupe, sawa na mnyaa wa uani. Utomvu huo ni hatari kwa macho. Kaktasi nyota ikichubuka hutoa majimaji tu. Afrika Bara ina kaktasi moja tu iliyofika yenyewe, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia juu ya miti ya misitu yenye unyevu, na haifanani na hii hata kidogo.

Jambo la mwisho dukani: kaktasi yenye ua kavu, gumu, lisilofunga jioni, huenda imebandikwa ua hilo kwa gundi. Ua la kweli la kaktasi nyota ni laini, hufunguka mchana na kufunga jua likipungua.

Hatua ya 2: Andaa udongo

Usiige udongo wa Starr moja kwa moja. Mfinyanzi ule uko kwenye ardhi wazi, chini ya upepo na jua, juu ya tabaka nene linalonyonya maji. Ukiuweka ndani ya chungu utakaa na unyevu kwa wiki kadhaa, na mizizi itaoza. Unachoiga ni tabia yake: kulowa vizuri, kisha kukauka.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni huu:

- sehemu 3 za changarawe nyepesi ya volkano, yenye punje za milimita 2 hadi 5
- sehemu 1 ya udongo wa tifutifu wenye mfinyanzi kidogo
- sehemu 1 ya mboji iliyooza kabisa, iliyochekechwa

Walio karibu na Longonot na Naivasha wana mawe mepesi ya volkano, na walio Arusha na Moshi wana changarawe nyekundu na nyeusi za volkano. Mtu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam asiyezipata anaweza kuponda matofali ya kuchoma, akachekecha na kuondoa vumbi lote. Vumbi ndilo linaloziba nafasi za hewa, kwa hiyo usiliache hata kama linaonekana dogo. Mchanga wa mtoni wenye punje kubwa unafaa kuongezea. Wa baharini uache ulipo: mmea huu unavumilia chumvi kiasi, lakini ndani ya chungu chumvi haina pa kwenda na huzidi kujikusanya.

Kipimo cha kujua kama mchanganyiko umefaa: jaza chungu, mwagia maji kwa wingi, uangalie. Maji yakituama juu kwa zaidi ya sekunde chache, ongeza changarawe.

Chungu cha udongo chenye tundu pana chini kinafaa pwani, kwa kuwa kinapumua na hewa ya huko ina unyevu. Maeneo makavu kama Dodoma, Isiolo au Garissa chungu cha plastiki si kibaya, kwani cha udongo hukauka upesi mno kwa miche. Ukubwa usizidi upana wa mmea kwa zaidi ya vidole viwili kila upande. Chungu kikubwa kilicho na mmea mdogo ni udongo mwingi uliolowa bila mizizi ya kuunywa.

Hatua ya 3: Panda mbegu

Hapa ndipo penye raha, na ningependa uende polepole.

Mbegu ya kaktasi nyota ni kubwa ukilinganisha na za kaktasi nyingine, upana wa milimita 2 hadi 3, ya kahawia inayong'aa, na ina umbo la kofia: upande mmoja umebenuka, upande wa pili una shimo lenye ukingo uliokunjwa kwa ndani. Kwa umbo hilo mbegu huelea majini, na huko kwao maji ya mvua yanaweza kuibeba mpaka mahali yanapotulia. Iweke na shimo likitazama chini. Haihitaji kufukiwa, igandamize kidogo tu ishike udongo.

Chukua mchanganyiko ule ule, lakini chekecha ubaki na punje ndogo, zisizozidi milimita 3. Uweke kwenye sufuria na maji kidogo, funika, uupike kwa mvuke kwa nusu saa, kisha uache upoe ukiwa umefunikwa. Usiruke hatua hii. Mche wa kaktasi ukiwa mchanga hauna kinga dhidi ya ukungu na mwani, na chombo kilichofungwa chenye joto na unyevu ni mahali pazuri kwa vyote viwili.

Osha mbegu kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, zikaushe juu ya karatasi safi. Jaza vikopo vifupi vyenye matundu chini na usawazishe juu. Panga mbegu kwa kibanio cha nyusi, ukiacha sentimita moja kati ya mbegu na mbegu. Simamisha vikopo ndani ya beseni lenye maji yaliyochemshwa na kupoa, uyaache yapande kutoka chini mpaka uso wa udongo ubadilike rangi. Vitoe, viache vichuruzike. Kisha uviweke ndani ya kontena la plastiki angavu la chakula lenye mfuniko, na ufunge.

Liweke mahali penye mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Pwani joto hilo lipo muda wote. Nairobi, Mbeya au Bukavu msimu wa baridi subiri kwanza, au tafuta mahali pa joto ndani ya nyumba, kwa mfano juu ya kabati la jikoni lililo karibu na dirisha.

Mbegu mpya huanza kuchipua siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki mbili nyingi zitakuwa zimetoka. Mche huonekana kama tone la kijani lenye kijimzizi cheupe. Baadhi ya miche hubaki na ile kofia ya mbegu kichwani. Nyingi hujivua zenyewe. Ikikaza, ilainishe kwa tone la maji na uisukume kwa ncha ya kijiti, usiivute. Mzizi uliokosa njia na kulala juu ya udongo ufukulie kitundu, uutumbukize, ushindilie taratibu kwa kijiti.

Mbegu zilizokaa miaka kadhaa hupoteza nguvu. Ukinunua, uliza zilivunwa lini.

Hatua ya 4: Miezi 12 ya kwanza

Baada ya wiki 3 hadi 6 anza kuzoeza miche hewa ya nje. Fungua mfuniko upenyo mdogo kwa siku chache, ongeza, kisha uutoe kabisa. Ukiona mwani wa kijani umetanda au ukungu mweupe umejitokeza, fungua mapema zaidi na uondoe mche ulioathirika pamoja na udongo uliouzunguka.

Rangi itakuambia hali ya nuru. Mche wa kijani chenye ukahawia kidogo yuko sawa. Akigeuka mwekundu wa kutu, jua limezidi. Akirefuka na kuwa mwembamba kama anatafuta kitu juu, nuru haitoshi.

Katika kipindi hiki usiiache ikauke kama mmea mzima. Miche haina akiba, kwa hiyo mwagilia kutoka chini kila uso unapokauka, ukiacha hewa ipite. Tandaza changarawe ndogo kati ya miche ili shingo zikae kavu, na pia kuwazuia wale vijidudu weusi warukao juu ya udongo uliolowa, ambao funza wao hutafuna mizizi michanga.

Hamisha miche inapoanza kugusana au inapofika karibu sentimita moja. Fanya hivyo udongo ukiwa mkavu. Ng'oa kwa kijiko kidogo, ukague mizizi, iache kivulini siku mbili hadi tatu vidonda vikauke, upande, na umwagilie baada ya siku chache nyingine. Kwa mmea mkubwa muda huo uwe wiki nzima.

Ukuaji ni wa polepole. Kwa kawaida utasubiri miaka 3 hadi 5 kuona ua la kwanza. Wenye haraka hubebesha mche juu ya kaktasi nyingine inayokua kwa kasi, kwa mfano shina la tunda la joka au mpungate, na mche hukua haraka sana. Kwa anayeanza sioni haja. Mmea uliobebeshwa huvimba, hupoteza ule ubapa wake, na mpungate wenyewe una adui zake. Katika Laikipia, ambako mpungate vamizi Opuntia stricta umekuwa janga, wadudu wa kochinili waliletwa makusudi kuula, na wanaweza kuushambulia hata ule uliobebesha juu yake kaktasi yako.

Hatua ya 5: Nuru

Utafutie mmea wako mlezi. Si lazima kiwe kichaka. Neti ya kivuli inayokata nusu ya jua inatosha. Jua la asubuhi mpaka saa nne lipokee moja kwa moja, la saa sita hadi saa tisa lichujwe. Sisi wa karibu na ikweta tuna jua la utosi karibu mwaka mzima, na nyanda za juu kama Nairobi, Njombe au Eldoret hewa inaweza kuwa baridi huku jua likiunguza. Ngozi iliyoungua huwa na baka la manjano au jeupe upande uliotazama jua, na baka hilo halitafutika.

Mmea uliozoea kivuli dukani usiutoe nje siku moja. Mpe wiki mbili au tatu, ukiongeza saa kidogo kidogo.

Dirishani ndani ya nyumba inaweza kuishi, ila maua yatakuwa ya shida. Veranda yenye paa angavu ni mahali bora kuliko pote, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua ya 6: Maji

Mwagilia kwa wingi, kisha subiri udongo ukauke mpaka chini. Hiyo ndiyo kanuni, na siku haziwezi kuhesabiwa kwa sababu chungu cha Zanzibar mwezi Aprili na chungu cha Dodoma mwezi Oktoba havikauki kwa kasi moja. Tumia kijiti cha mshikaki: kichome mpaka chini pembeni mwa chungu, kiache dakika chache, ukitoe. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zilizonata, usimwagilie. Kikitoka kikavu, subiri siku mbili tatu tena, ndipo umwagilie.

Mwagia udongo, si utosi. Maji yakituama kwenye kishimo cha katikati usiku kucha huanzisha uozo pale penye chipukizi changa kabisa, na mmea ukiozea utosini hauna tena pa kukulia. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya kisima yenye chokaa huacha ukoko mweupe juu ya udongo na madoa kwenye ngozi, na kwa mmea ambao uzuri wake uko kwenye madoa yake ya asili, hilo ni hasara.

Msimu wa baridi kavu, Juni hadi Agosti kwa sehemu kubwa ya Tanzania na nyanda za juu za Kenya, upumzishe. Pwani, ambako joto halishuki sana, punguza tu. Katika nyanda za juu nyima maji kabisa kwa wiki kadhaa mfululizo. Utanywea, na huo ndio mwendo wa kwao. Baridi kavu haiudhuru. Baridi pamoja na unyevu huuangamiza haraka.

Kisha masika. Mvua za Machi hadi Mei zinaweza kumwaga ndani ya mwezi mmoja maji ambayo kaktasi hii huyapata kwa miezi mingi. Usiiache nje bila paa. Nailoni angavu ya kitalu nyumba iliyofungwa juu ya fremu ya mbao, pande zote zikiwa wazi kwa upepo, inatosha kabisa. Wa pwani msikate tamaa kwa sababu ya unyevu wa hewa: Thailand ni nchi ya joto na unyevu, na wakuzaji wake ni miongoni mwa mafundi wakubwa wa mmea huu. Siri yao ni paa, udongo wa punjepunje na upepo.

Mbolea ni kidogo. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua, na iwe yenye naitrojeni ndogo. Ikizidi, mmea huvimba mpaka ngozi kupasuka.

Hatua ya 7: Wadudu na uozo

Vidung'ata ndio wanaosumbua zaidi, kwa sababu wana ngozi nyeupe ya unga na hapa wanajificha kati ya vishada vyeupe vya sufi. Kagua kwa kioo. Kishada halisi hakitembei na hakina miguu. Kishada kilichojitokeza ndani ya mfereji, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kitu, ni mdudu. Mguse kwa pamba ya masikioni iliyochovywa spiriti. Gusa mdudu tu, usisugue, maana yale madoa meupe hutoka kwa kusuguliwa na hayarudi sehemu hiyo. Kuna vidung'ata wa mizizi pia: mmea ukisimama kukua bila sababu, utoe chunguni utazame kama kuna unga mweupe mizizini. Ukiuona, osha mizizi, kausha, na ubadilishe udongo wote.

Utitiri mwekundu huacha ngozi ya kijivu cha kutu kuanzia utosini. Hupenda hewa kavu iliyotuama.

Usichanganye magonjwa na uzee. Mmea wenye miaka mingi hugamba rangi ya kahawia kuanzia chini, na sehemu hiyo ni ngumu kama gome. Uozo ni laini, na ukibonyeza kidole kinazama. Ukiuwahi, kata kwa kisu kilichopitishwa kwenye spiriti, endelea kukata mpaka ubaki na nyama safi isiyo na hata kidoa cha rangi ya chungwa katikati, kisha paka unga wa salfa. Ni ile salfa wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiriunga. Kausha kivulini wiki mbili au zaidi kabla ya kuuketisha juu ya changarawe kavu. Baadhi hutoa mizizi upya, na baadhi hupotea.

Hatua ya 8: Maua, uchavushaji na kuvuna mbegu

Kwao huchanua kuanzia Machi hadi Juni. Kwetu huchanua mara kwa mara katika miezi ya joto, hasa baada ya kunyweshwa vizuri kufuatia mapumziko makavu. Ua hufunguka kuelekea mchana, hufunga jioni, na hudumu siku chache.

Mmea mmoja hauwezi kujizalisha. Chavua yake yenyewe haiuzalishi, kwa hiyo unahitaji mimea miwili isiyo ya shina moja, iliyochanua kwa wakati mmoja. Huko Texas kazi hii hufanywa na nyuki, na aliyeonekana kuifanya vizuri zaidi ni nyuki wa kaktasi aitwaye Diadasia rinconis. Fikiria hali ya porini, ambapo mimea imechimbwa mpaka iliyobaki iko mbali mbali: inachanua, lakini chavua haifiki. Ndiyo sababu kuchimba mmea mmoja huumiza pia ile iliyobaki.

Nyumbani tumia brashi ndogo ya rangi, laini na kavu. Saa sita mchana, maua yakiwa wazi kabisa, izungushe ndani ya ua la kwanza mpaka nywele zake ziwe za manjano, kisha igusishe kwenye stigma ya ua la pili, zile ndimi zilizotawanyika katikati zinazopokea chavua. Rudia kinyume. Rudia tena kesho yake.

Ikishika, ua litakauka bila kudondoka na chini yake litavimba tunda dogo la yai, la kijani au kijivu chenye wekundu, lililofunikwa sufi. Liache likauke lenyewe wiki kadhaa. Likianza kupasuka au kuachia shinani, livune upesi kabla sisimizi hawajazibeba mbegu. Zimwage kwenye karatasi, ondoa mabaki ya tunda, zianike kivulini siku chache.

Andika kwenye bahasha ya karatasi majina au namba za mama na baba pamoja na mwezi wa kuvuna. Zihifadhi mahali pakavu penye ubaridi, na panda nyingi iwezekanavyo mwaka huo huo. Zitakazobaki mpe mkuzaji mwenzako wa karibu, mkabadilishane mimea isiyo na undugu, ili msimu ujao kila mmoja awe na jozi yake ya kuchavusha.